Mnyama jukwaani: 'kimekufa' au 'amekufa'?

Kikaragosi cha farasi kikianguka na kufa jukwaani, tuseme kimekufa au amekufa? Swali hili lilizuka katika darasa langu la uzamili muhula uliopita, na wallahi lilitunyima chai ya saa nne. Wanasarufi wa darasa walisema jambo liko wazi kama mchana: kikaragosi ni kitu kilichoundwa, kimo katika ngeli ya KI-VI, basi kimekufa, ikiwa kweli kitu kinaweza kufa. Wale waliokuwa wametazama kanda ya onyesho lenyewe hawakujali. Kila mmoja wao alipolisimulia alisema amekufa, tena bila kujisikia akisema. Niliwaachia wabishane, kwa kuwa niliona kwamba kiambishi hicho kidogo kimebeba historia ndefu ya binadamu na mnyama katika tamthilia ya wakati wetu.

Hebu tuiangalie sarufi kwanza. Ngeli ya A-WA haiwatengi watu na wanyama. Mtoto analia, mbwa analia. Waziri ametua, nzi ametua. Hata majina yaliyovaa umbo la KI-VI, mathalani kifaru, kiboko na kipepeo, huvutwa na uhai hadi A-WA, nasi husema kifaru huyu, si kifaru hiki. Isipokuwa uwe kambini, ambako kifaru ni gari la vita. Huko kinarudi kuwa hiki. Mfugaji husema ng'ombe zangu kama anavyosema ndugu zangu na rafiki zangu, kwa kimilikishi kilekile. Na ukitaka kumdhalilisha mtu huhitaji tusi la nguoni. Mwondoe tu katika ngeli yake: kijitu hiki, jitu lile. Atajua.

Mababu zetu hawakuhitaji profesa wa kuwaeleza haya. Katika ngano, sungura alikuwa na shamba, fisi alikuwa na mkwe, na kobe alikuwa na deni. Mtambaji aliponyanyua sauti na kuchechemea kidogo, watoto walimwona fisi pale pale. Lakini tamthilia ya kuandikwa ilipotufikia, kwa njia ya shule na majukwaa yenye pazia, wanyama waliachwa nje kama viatu. Michezo ya Kiswahili iliyochapishwa nchini mwaka wa 1957, kama vile ya Graham Hyslop na ya Henry Kuria, ni michezo ya watu: wachumba, wazazi, watumishi, wadanganyifu. Ukumbi ulikuwa wa binadamu. Mnyama alibaki jikoni kwa nyanya.

Ajabu ni kwamba karibu miaka hiyohiyo, huko Ulaya, mnyama alikuwa akirudi jukwaani kwa kishindo. Mwaka wa 1959 tamthilia ya Eugène Ionesco, Rhinocéros, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Ujerumani, na mwaka uliofuata ikafika Paris na London. Katika mji mdogo wa Ufaransa, kifaru anapita mbio barabarani. Kisha wa pili. Wenyeji wanaanza kubishana, tena kwa ukali, kama kifaru huyo ana pembe moja au mbili, na kama ni wa Asia au wa Afrika. (Sisi tungewasaidia: weusi kwa weupe, vifaru wa Afrika wana pembe mbili.) Wakiwa bado kwenye mabishano hayo, mmoja baada ya mwingine wanageuka vifaru wenyewe. Ngozi inakuwa ngumu, sauti inakuwa mkoromo, na mwishowe anabaki Bérenger peke yake, mlevi asiye na makuu, anayekataa kugeuka.

Ionesco alikuwa amekulia kwa sehemu nchini Romania, na katika miaka ya 1930 aliwaona wasomi wenzake wakijiunga mmoja mmoja na wafashisti. Kifaru wake ndiye huyo: mtu aliyeacha kufikiri na kuanza kukimbia na kundi. Ni tamthilia kubwa na sitaki kuipunguzia hadhi. Lakini kila ninapoisoma nikiwa Mkenya, kuna kitu kinanikwaruza. Kwa nini kifaru? Kifaru hakimbii na kundi kubwa, wala hakumkosea Ionesco. Mwaka wa 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kabla ya miaka ya 1980 kwisha walikuwa wamebaki chini ya 400. Mnamo Machi 2018, Sudan, dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini, alikufa pale Ol Pejeta, Laikipia, baada ya kuishi miaka yake ya mwisho akilindwa mchana na usiku na watu wenye bunduki. Kwenye jukwaa la Paris kifaru alikuwa jina la wauaji. Laikipia ndiye aliyehitaji askari.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami kidogo. Ionesco alimtumia mnyama kama vazi. Alipolivua, ndani palikuwa na mtu. Miaka kumi na minne baadaye, katika tamthilia ya Equus ya Peter Shaffer, iliyoonyeshwa London mwaka wa 1973, farasi waliigizwa na wanaume waliosimama wima wakiwa na vinyago vya waya kichwani na kwato za chuma miguuni. Kijana mmoja amewapofusha farasi sita, na daktari wa akili anatafuta sababu. Onyesho linatisha hadi mifupani. Ila tunatoka ukumbini tunajua mengi kuhusu kijana, mengi zaidi kuhusu daktari, na hatujui lolote kuhusu hao sita waliopoteza macho. Walikuwa ugonjwa wa mtu mwingine.

Nasi huku? Tumefanya vivyo hivyo, tena kwa bidii. Walimu wenzangu wataniwia radhi, lakini tumewafunza watoto kwamba mnyama akitokea katika tamthilia lazima awe jazanda. Mtahini anauliza, mtahiniwa anajibu, alama mbili. Chukua Kigogo ya Pauline Kea, ambayo vijana wetu waliitahiniwa kwa miaka kadhaa. Mtawala wa Sagamoyo anaitwa Majoka. Dawa inayowaharibu wanafunzi wa shule yake ni sumu ya nyoka. Ngurumo anauawa na chatu. Tamthilia nzima imejaa nyoka, na bado hakuna nyoka hata mmoja mle ndani. Kuna watu tu. Hili si kosa la mtunzi, maana alichagua silaha inayofaa kwa vita vyake, na hata jina lenyewe limeundwa kwa ustadi wa kisarufi: joka ni nyoka aliyekuzwa na kutupwa katika ngeli ya LI-YA, kisha majoka ni wingi wake, halafu wingi huo wote wa kutisha unarudishwa kwa mtu mmoja anayekula, anayelala na anayeamrisha. Nawasifu wanafunzi wanaoliona hilo. Lakini nikiwauliza kama chatu wa kweli ni mnyama wa namna gani, huduwaa. Hawajawahi kuulizwa.

Mnyama aliye mnyama tu, asiye kigogo wala fashisti, alirejea kutoka kusini mwa bara letu. Mwaka wa 1981 mjini Cape Town liliundwa kundi la Handspring Puppet Company, na wawili kati ya waasisi wake, Adrian Kohler na Basil Jones, ndio walioliongoza kwa miaka mingi. Vikaragosi, wasemavyo baadhi ya watu, ni vitu vya watoto. Hata jina lenyewe tumelipata kwa safari ndefu kutoka kwa Karagöz, yule mhusika mcheshi wa michezo ya vivuli ya Waturuki. Kwetu tulivitumia katika miaka ya 1990 kuwaelimisha watu kuhusu UKIMWI, na kuanzia 2009 tukavitumia kuwacheka wanasiasa kwenye runinga katika kipindi cha XYZ. Handspring walivichukulia kuwa waigizaji kamili.

Kazi yao ya 1997, Ubu and the Truth Commission, iliyoandikwa na Jane Taylor na kuongozwa na William Kentridge, ilizaliwa wakati tume ya ukweli ya Afrika Kusini ilikuwa bado inasikiliza ushahidi. Mle kuna mbwa mmoja mwenye vichwa vitatu: mwanajeshi wa kawaida, jenerali na mwanasiasa, wote wakila kwa tumbo moja. Kuna mamba ambaye mwili wake ni mkoba, na kazi yake ni kumeza nyaraka zenye ushahidi. Nani kati yetu hajawahi kusikia faili iliyoliwa na mamba? Bado wanyama hao ni jazanda, nakubali. Lakini angalia upande wa pili wa jukwaa hilohilo. Mashahidi, akina mama waliopoteza watoto, nao ni vikaragosi vya mbao, na wanaoviendesha wanasimama kando yao wakiwatazama kwa upole. Mbao inashusha pumzi kabla ya kusema jina la marehemu. Hapo ndipo Handspring walipoufikia ufunguo wao: kwamba kikaragosi hakiwi hai kwa kusema wala kwa kurukaruka. Kinakuwa hai kwa kupumua.

Mwaka wa 2004 walishirikiana na kundi la Sogolon la Yaya Coulibaly kutoka Mali, ambako vikaragosi vikubwa vya wanyama ni urithi wa vijiji, wakatengeneza Tall Horse. Ni kisa cha kweli cha twiga ambaye Muhammad Ali wa Misri alimpelekea mfalme wa Ufaransa, Charles X. Twiga huyo alishuka Marseille mwaka wa 1826 na kutembea kwa miguu yake hadi Paris mwaka uliofuata, umati ukijipanga njiani. (Watu wa Malindi wasione ajabu. Twiga wao alifika China mwaka wa 1415.) Tom Morris wa National Theatre ya London alipomwona twiga wa Handspring, aliwaita waje wamtengenezee farasi. Basi ukisikia mtu akisifu ufundi wa Waingereza katika War Horse, mkumbushe kwamba farasi huyo ana wajomba Bamako na Cape Town.

War Horse ilifunguliwa Oktoba 2007. Imetokana na riwaya ya Michael Morpurgo ya 1982, ambamo farasi Joey anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, jinsi alivyouzwa jeshini na kupelekwa Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walioigeuza kuwa tamthilia walifanya uamuzi ambao kwangu ni wa kihistoria: walimnyang'anya farasi maneno. Joey wa jukwaani hasemi hata neno moja. Ni fremu ya matete na alumini iliyofunikwa kitambaa chepesi, na watu watatu wanaiendesha, mmoja kichwani na wawili ndani ya kiwiliwili. Hawajafichwa. Unawaona tangu dakika ya kwanza, na kufikia dakika ya tano umewasahau, kwa sababu sikio limegeuka kusikiliza kelele, mbavu zimepanda na kushuka, na mkia umemfukuza nzi asiyekuwapo.

Kisha Topthorn, farasi mweusi rafiki ya Joey, anakufa kwa uchovu wa kuvuta mizinga. Pumzi inakatika. Wale watu watatu wanatoka polepole ndani yake na kuondoka, na kinachobaki jukwaani ni matete na kitambaa. Hapo ndipo darasa langu liligawanyika. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na haki. Aliyekufa ni yeye. Kilichobaki ni hicho. Sijui tamthilia nyingine inayoionyesha mipaka ya ngeli mbili kwa uwazi namna hiyo, na walioitunga hawakujua hata chembe ya Kiswahili.

Mamilioni ya watu wameitazama kazi hiyo na kumlilia farasi. Sina ugomvi na machozi yao. Lakini vita ni vilevile ambavyo vilipiganwa pia hapa kwetu, kutoka Taita hadi Rufiji na kuendelea hadi Msumbiji, na huku kwetu hadithi ya farasi ilikuwa fupi mno.

Jenerali Smuts alipofika mapema mwaka wa 1916 kuongoza majeshi ya Waingereza dhidi ya Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck, alikuja na wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Mbung'o hawakujali vyeo. Farasi na nyumbu walikufa kwa nagana wiki chache tu baada ya kuingia katika nyika zenye mbung'o. Magari yalizama katika matope ya masika. Basi mzigo uliopaswa kubebwa na nyumbu ukawekwa juu ya kichwa cha mtu.

Piga hesabu nami. Mpagazi anabeba kilo 25 hivi. Akiwa amebeba unga, na akila kilo moja kwa siku, baada ya siku kumi na mbili za kwenda atakuwa amekula karibu nusu ya mzigo, na nusu iliyobaki ni ya kumrudisha nyumbani. Askari aliye mbele hapati kitu. Dawa ya makamanda ilikuwa kuongeza wapagazi, na wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Sheria ya 1915 iliwaruhusu kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka wa 1917, chini ya John Ainsworth, msako ulienea kijiji kwa kijiji. Kwa jumla Waingereza waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka Afrika Mashariki na maeneo jirani. Rekodi rasmi zinataja zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria walioyachunguza makaratasi hayo kwa makini wanaamini kwamba idadi halisi ilifikia laki moja au kupita. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa malaria, kwa nimonia, na kwa unga uliopikwa haraka mno. Mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao. Walituachia majina mawili: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, yote kutokana na matamshi ya Carrier Corps.

Kwa hiyo, wakati Topthorn anakufa kwa kuvuta mizinga huko Ufaransa, huku kwetu kazi ya Topthorn ilikuwa ya mtu. Hapa historia ya tamthilia niliyokuwa nikiifuata inapinduka kichwa chini. Ionesco alionyesha mtu anayegeuka mnyama kwa hiari yake. Morpurgo na Handspring walionyesha mnyama anayelingana na mtu kwa mateso. Mpagazi wa Kariokor hakugeuka chochote. Aliwekwa kwenye safu ya hesabu ambamo jana yake aliandikwa nyumbu.

Aliyelileta jambo hili jukwaani kwa ukubwa unaostahili ni Kentridge yuleyule wa mbwa mwenye vichwa vitatu. Mnamo Julai 2018, katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern mjini London, alionyesha The Head and the Load, kazi ya muziki, ngoma na vivuli kuhusu Waafrika waliobeba mizigo katika vita hivyo. Jina limetokana na methali ya Ghana kwamba kichwa na mzigo ni taabu ya shingo. Waigizaji wanapita kwa safu ndefu wakiwa na maumbo ya mizigo vichwani, taa inawamulika kutoka chini, na vivuli vyao vinapanda ukutani vikiwa vikubwa kuliko wao. Kwenye kivuli huoni mahali mzigo unapoishia na mtu anapoanzia. Hakuna mnyama katika msafara huo, wala hakuhitajika. Nafasi yake ilikwisha kujazwa.

Sijabahatika bado kufundisha tamthilia ya Kiswahili inayomweka mpagazi huyo katikati ya jukwaa, ingawa tunazo nzuri kuhusu majemadari na mashujaa. Ebrahim Hussein alitufungulia mlango na Kinjeketile mwaka wa 1969, na katika Kwenye Ukingo wa Thim alifika hadi kwenye neno la Kijaluo linalotaja pori, mpaka wenyewe wa makazi ya watu. Wanafunzi wangu huniambia kwamba tamthilia ya wapagazi itakuwa ghali: maelfu ya watu, safari za miezi, mito, mvua. Mimi huwajibu kwamba Handspring walitengeneza farasi kwa matete. Mzigo mmoja na watu watatu wanaojua kupumua pamoja wanatosha kuanzia.

Na kama wanataka mahali pa kuanzia utafiti, nawatuma mjini, Kenyatta Avenue, kwenye ile sanamu ya shaba iliyowekwa miaka ya 1920. Wamo watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na Kiingereza chake kiliandikwa na Rudyard Kipling. Askari wanatajwa kama watu waliopigana. Wapagazi wanatajwa kama miguu na mikono ya jeshi. Yeyote aliyeyapanga maneno hayo alikusudia heshima, sina shaka. Mguu, miguu. Mkono, mikono. Mguu umevunjika, mikono imechoka. Ni ngeli ya U-I.